Kwenda Thailand kufundisha Kiingereza baada ya chuo: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nilifundisha Kiingereza miaka mitatu katika shule mbili za serikali huko Isan, yaani kaskazini-mashariki mwa Thailand. Nilienda na shahada ya ualimu ya Kenya, baada ya kuchoka kusubiri TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali Kenya, na kufundisha shule ya binafsi iliyokuwa ikinilipa mwezi huu na kunikopa mwezi ujao. Tangu nirudi, simu yangu haitulii. Binamu, majirani, wanafunzi wa wanafunzi wangu, wote wanauliza yale yale. Nimeyaandika hapa ili anayeuliza saa sita usiku ajibiwe bila kuniamsha.

Mimi ni Mkenya, si Mwingereza. Kweli wataniajiri nifundishe Kiingereza?

Watakuajiri, ila jua kwanza wanavyokuhesabu. Matangazo ya kazi kule huwagawa walimu mafungu mawili: wasemaji wazawa wa Kiingereza na wasio wazawa. Wazawa kwa hesabu yao ni raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na mara nyingi Afrika Kusini. Wewe uliyefanya mitihani yako yote kwa Kiingereza isipokuwa ya Kiswahili unaingizwa fungu la pili, pamoja na Wafilipino, Wakameruni, Wanigeria na Warusi. Kinachotazamwa ni pasipoti, si ulimi. Shule yangu ya kwanza nilifanya kazi na kijana wa Afrika Kusini ambaye nyumbani kwao wanaongea Kizulu kutwa kucha. Alinizidi baht elfu saba (baht ni pesa ya Thailand) kwa mwezi kwa vipindi vile vile. Tulicheka, tukaenda kula, na bili akalipa yeye.

Uzuri wa Thailand ni kwamba fungu la pili lina mlango. Korea Kusini halina: viza yao ya walimu wa Kiingereza, E-2, wanapewa raia wa nchi saba hizo nilizotaja, na Kenya haimo. China nayo imebana, na tangu Julai 2021 serikali ilipoyabana masomo ya ziada ya watoto, vituo vingi vilivyokuwa vikiajiri wageni vilifungwa. Mtu akikwambia uende China kwa viza ya mwanafunzi halafu "utafundisha tu pembeni", anakutafutia kesi. Vietnam inawezekana, na hatua zake hazitofautiani sana na za Thailand, lakini sijaishi huko kwa hiyo sitajifanya mjuzi.

Lazima niwe nimesomea ualimu?

Hapana. Lazima uwe na shahada, ya fani yoyote. Stashahada haitoshi kwa kazi halali ya shule, hata kama Kiingereza chako kinamwagika kama maji. Aliyesoma ualimu ana nafuu pale shule inapomwombea kibali Kurusapha, ambalo ndilo baraza la walimu la Thailand. Wengine nao hupata kibali cha muda, cha miaka miwili.

Utaona pia wanataka cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, cha saa 120. Kinasomwa mtandaoni. Kwa aliyewahi kusimama mbele ya darasa la watoto sitini Kakamega au Tabora hakina jipya kubwa, lakini wanakitaka, basi kipate. Usitumie pesa nyingi hapo. Pesa yako iweke kwenye TOEIC, mtihani wa kupima Kiingereza, kwa sababu asiye mzawa wa lugha huombwa matokeo yake, na kiwango kinachotajwa sana ni alama 600 kati ya 990. Mhitimu wa chuo kikuu cha Afrika Mashariki anavuka hapo bila jasho, mradi afanye mazoezi ya sehemu ya kusikiliza, maana lafudhi za kwenye kanda ni za Kimarekani, Kiingereza cha Uingereza na cha Australia, na zinakwenda mbio.

Nimemaliza mitihani lakini sijahitimu rasmi. Naweza kuanza kuomba?

Kuulizia unaweza, kuajiriwa bado. Barua ya chuo inayosema umekamilisha masomo haitoshi kwa kibali, wanataka cheti chenyewe pamoja na hati ya matokeo ya miaka yote. Na hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa sababu cheti kimekaliwa na deni la karo. Lipa hilo kwanza. Nimeona dada mmoja aliyepata shule nzuri Khon Kaen akaikosa kwa salio la shilingi elfu thelathini na mbili, chuo kimekatalia cheti, shule ya kule haina muda wa kusubiri kwa sababu muhula unaanza katikati ya Mei.

Ukisha kuwa na cheti, kithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa Thailand. Chukua pia cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya Kenya, kupitia tovuti ya eCitizen. Kichukue mapema, lakini si mapema mno, kwani wanapenda kilicho kipya.

Mshahara ni kiasi gani?

Swali hili huja la kwanza, nimelirudisha nyuma makusudi.

Asiye mzawa wa lugha, tena Mwafrika, anayeanza shule ya serikali mkoani, ategemee baht 18,000 hadi 25,000 kwa mwezi. Baht moja ni kama shilingi nne za Kenya, au sabini na kitu za Tanzania. Kwa hiyo 25,000 ni takriban shilingi laki moja za Kenya. Unaposikia laki moja ukiwa umekaa nyumbani kwa mama huku ukitafuta pesa ya bando, moyo unaruka. Ngoja kwanza.

Chumba kizuri katika mji wa mkoa ni baht 2,500 hadi 4,500, na mwenye nyumba hutaka amana ya mwezi mmoja au miwili mbele. Umeme wa feni ni kidogo, wa kiyoyozi ni adhabu. Sahani ya wali na nyama ni baht 50 au 60. Pikipiki ya kukodi utaihitaji, kwa sababu mji wa mkoa hauna matatu za kukufikisha kila kona. Mimi nilikuwa nikibakiza elfu nane hadi kumi kila mwezi niliporidhika na chakula cha pale. Bangkok utalipwa zaidi na utatumia zaidi.

Sasa jambo ambalo hakuna mtu aliniambia: uliza mkataba ni wa miezi mingapi. Shule hufunga likizo ndefu kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei. Ukiajiriwa moja kwa moja na shule, mara nyingi unalipwa miezi 12. Ukipitia wakala, mkataba huwa wa miezi 10 au 11, na Aprili, mwezi wa Songkran ambapo nchi nzima inamwagiana maji barabarani, wewe huna senti. Mwaka wangu wa kwanza nilikula Songkran kwa mkopo wa mwalimu wa Kifilipino, Mungu ambariki. Wakala huyo huyo alikuwa akipokea kutoka shuleni pesa ambayo sikuwahi kuambiwa ni kiasi gani.

Viza inakwendaje? Niende na ya utalii kisha nibadilishe?

Njia iliyonyooka ni hii. Shule inakuhoji kwa video, inakubali, inakutumia mkataba na barua ya kwenda ubalozini pamoja na nakala za usajili wa shule. Kwa karatasi hizo unaomba viza ya Non-B, yaani ya kazi. Ubalozi unaotuhudumia uko Nairobi, na tangu Januari 2025 maombi yanajazwa mtandaoni. Unaingia Thailand ukiwa na siku 90. Ndani ya siku hizo shule inakuombea kibali cha Kurusapha na kibali cha kazi, halafu unaongezewa muda wa kukaa hadi mwaka, kwa ada ya baht 1,900.

Kuna cheti cha daktari pia. Hicho hufanyiwa kule kule, kliniki yoyote, dakika kumi. Kinathibitisha kwamba huna kifua kikuu, ukoma, matende, kaswende iliyokomaa, wala uraibu wa dawa za kulevya au pombe. Niliposoma matende nilicheka peke yangu, nikamkumbuka babu wa jirani yetu kule Kwale.

Baada ya hapo, karatasi ndogo ndogo zinazokera. Mwenye nyumba anatakiwa akuripoti uhamiaji ndani ya saa 24 kwa fomu ya TM30. Asipofanya, utasumbuliwa wewe siku ya kuongeza muda. Kila siku 90 unaripoti anwani yako. Ukitaka kutoka nchini kwa likizo, lipia kwanza kibali cha kurudi, baht 1,000 kwa safari moja, la sivyo viza yako inakufa pale unapogongewa muhuri wa kutoka. Ukipitisha muda wa kukaa ni baht 500 kwa kila siku, hadi 20,000.

Kuhusu viza ya utalii: ukweli ni kwamba wapo waliokwenda hivyo, wakapata shule, wakavuka hadi Vientiane au Savannakhet nchini Laos kuomba Non-B, wakarudi. Ilifanyika sana. Lakini aliyekuwa akifanya hivyo kwa raha alikuwa na pasipoti inayoingia bila viza na akiba ya miezi mitatu. Sisi viza ya utalii yenyewe tunaihenyea, akiba ni ya wiki tatu, na ukianza kufundisha kabla kibali hakijatoka unavunja sheria: faini ya baht 5,000 hadi 50,000, kurudishwa kwenu, na kutopewa kibali cha kazi kwa miaka miwili. Shule ikisema "anza tu, karatasi zinakuja", jibu lako liwe kwamba utaanza zikija. Mimi nilianza. Wiki sita nilikuwa nikiona gari jeupe linaingia getini, najifungia msalani. Lilikuwa gari la kuleta maziwa ya watoto.

Wakala ameniambia kazi ipo, tiketi wanalipa wao, mshahara dola 1,500, nisafiri wiki ijayo. Niende?

Usiende. Na ningekuwa na uwezo ningekuja kukaa juu ya sanduku lako.

Tangu 2022 Wakenya, Waganda na wengine wa ukanda wetu wamekuwa wakiahidiwa kazi Thailand: ualimu, mauzo, huduma kwa wateja. Ndege inatua Bangkok kweli, ndiyo maana picha ya uwanja wa Suvarnabhumi unayotumiwa na rafiki haithibitishi lolote. Pale unapokelewa na dereva. Gari linaendeshwa kilomita kama 500 hadi Mae Sot katika mkoa wa Tak, mpakani. Usiku unavushwa Mto Moei, na asubuhi uko Myawaddy, Myanmar, ndani ya majengo yenye kuta ndefu na walinzi wenye bunduki. Kazi ni kukaa mbele ya kompyuta ukijifanya msichana mrembo, kuwatapeli wazee wa Marekani na Ulaya kwa mapenzi na sarafu za kidijitali. Asiyetimiza kiwango anapigwa. Anayetaka kutoka anadaiwa fidia ya maelfu ya dola. Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilianza kutoa maonyo mwaka huo wa 2022. Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti iliyokuwa ikivuka kwenda upande ule, maelfu ya watu wakaachiliwa, Wakenya wakiwemo, na bado majengo hayakuisha.

Kazi ya kweli ya ualimu ni ya kuchosha na ya polepole, na huo ndio uzuri wake. Shule ya serikali ya mkoani hailipi tiketi ya mwalimu mpya. Haina haraka ya wiki moja. Inataka kukuona ukifundisha kwa dakika kumi kwenye video, mara nyingi ukiwaimbia watoto ambao hawapo. Ina jina, na jina hilo liko kwenye ramani, na ina ukurasa wa Facebook uliojaa picha za watoto wakipanda miti na walimu wakipokea vyeti, maana hawa watu wanapiga picha kila kitu. Barua yake rasmi ina nembo ya Garuda, yule ndege-mtu, juu katikati. Piga simu shuleni, uulize kwa Kiingereza; wakipokezana simu kwa woga hadi apatikane mwalimu wa Kiingereza, hiyo ni shule.

Mengine ni haya. Tafuta jina la wakala kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, kama uko Kenya. Tanzania kuna TaESA. Mkataba utaje jina la shule na mkoa, si jina la kampuni tu. Na kabla ya kupanda gari lolote, fungua ramani kwenye simu yako uiwashe. Kama umeambiwa unaenda Udon Thani au Buriram, gari litakwenda kaskazini-mashariki. Ukiona linakwenda kaskazini-magharibi kuelekea Tak, shuka kituo cha mafuta cha kwanza, ingia dukani, piga kelele kwa lugha yoyote. Pasipoti usimpe mtu "akutunzie". Namba ya ubalozi wa Kenya ulioko Bangkok iandike kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Wengi walionaswa hawakuwa wajinga. Ni wahitimu kama wewe, wenye Kiingereza kizuri, na ndiyo sababu hasa waliwindwa.

Lafudhi yangu ni ya kwetu kabisa. Wanafunzi watanielewa?

Watakuelewa kuliko wanavyomwelewa mtu wa Glasgow. Tunaongea Kiingereza polepole, tunatamka herufi zote, na kila silabi inapata haki yake. Mtoto wa Isan anayeanza lugha anahitaji hivyo.

Ila kuna jambo la kuchekesha. Sisi Waswahili neno lisiloisha kwa irabu hutukera, tunaliongezea: basi, benki, kabati. Wao hufanya kinyume, konsonanti ya mwisho wanaimeza au wanaigeuza. Kwao "bus" inakuwa "bat", na "house" inakuwa "hao". Mimi ninaongeza, wao wanapunguza, katikati yetu sote Kiingereza kimesimama kinatushangaa. R na L wanazichanganya pia, jambo ambalo mimi mtu wa Murang'a sikuwa na haki ya kumsahihisha mtu. Nilijifunza kuzitofautisha vizuri nikiwa na miaka 25, pamoja na darasa langu la M.2, yaani mwaka wa pili wa sekondari.

Darasani kukoje?

Watoto 40 hadi 50, feni nne, kipaza sauti cha kuvaa shingoni ambacho betri yake huisha kipindi cha tatu. Viatu vinaachwa mlangoni. Ukiingia, kiongozi wa darasa anatoa amri, wote wanasimama, wanakusalimu kwa wimbo ule ule wa shule zetu za msingi, neno kwa neno, hadi "thank you, sit down". Siku ya kwanza nilihisi niko nyumbani. Siku ya pili niligundua kwamba zaidi ya wimbo ule wengi hawana kitu, na wanaogopa kukosea mbele ya wenzao kuliko wanavyoogopa fimbo.

Hapo ndipo mwalimu wa Afrika Mashariki ana hazina. Tumezoea madarasa makubwa, tumezoea kufundisha bila vifaa, tunajua kuimbisha na kugawa makundi. Mmarekani niliyemkuta pale alikuwa akilia watoto 48 ni wengi; mimi nilikuwa nimetoka kwenye 71. Unachokosa ni michezo. Kule kuna neno sanuk, yaani raha, na somo lisilo na sanuk linahesabiwa limekufa. Mwalimu mkuu wangu hakuwahi kuuliza mpango wangu wa somo. Aliuliza kama watoto walicheka.

Saa mbili kamili asubuhi ni paredi: bendera, wimbo wa taifa, sala, halafu hotuba ya mkuu juani. Siku za zamu unasimama getini kuanzia saa moja ukiwapokea watoto, mikono imekutanishwa kifuani kwa salamu yao ya wai. Mwanafunzi anakuamkia kwanza, nawe unaitikia. Kumtangulia mtoto kwa wai kunawachekesha, kama mzee kumwambia mtoto shikamoo. Usimguse mtoto kichwani hata kwa upendo. Usionyeshe kitu kwa mguu. Fimbo sahau.

Jiandae pia kwamba kufeli hakupo. Mwanafunzi aliyelala muhula mzima atapewa kazi ya kurudia, tena na tena, hadi apite. Nilipigana na hilo muhula mmoja, nikaitwa ofisini nikapewa chai. Hakuna aliyenigombeza. Nilielewa.

Na ngozi? Watu wa kule wanatuonaje?

Sitakudanganya. Maombi ya kazi yanataka picha, na kuna matangazo utatuma karatasi zote ukajibiwa kimya, halafu wiki ijayo uone nafasi imepewa kijana wa Ulaya mwenye Kiingereza cha kubahatisha. Wazazi wengine wanataka mwalimu wa kupigia picha. Mafuta ya kung'arisha ngozi yamejaa rafu za maduka, na watoto wanakuambia bila chuki kwamba wewe ni mweusi, kana kwamba wanakupa habari. Niliomba shule 40 na kitu kabla ya kupata mbili zilizonihoji. Weka hesabu hiyo akilini usije ukavunjika moyo ya kumi.

Ukishaingia, mambo hubadilika, hasa mkoani. Miezi miwili ya kushangaliwa sokoni, halafu unakuwa mwalimu wa mtaa. Muuza matunda wangu alikuwa akinitangaza kwa wateja wake: huyu ni ajarn, yaani mwalimu, wa shule yetu. Wageni wengi Waafrika utakaowakuta ni Wakameruni, na hao watakusaidia kuliko ubalozi wowote, mradi usiwakope.

Chakula?

Ukienda Isan umekwenda nyumbani. Wali wao wa kunata, khao niao, unaliwa kwa mkono: unamega, unafinyanga tonge, unachovya. Ukifumba macho ni ugali uliokataa kuiva. Kuna mboga wanaiita khana ambayo sukuma wiki ingeiita dada. Mtu wa Pwani atafurahia michuzi ya nazi. Mhaya aliyezoea senene na Mluhya wa kumbikumbi hawatashangaa wakiletewa panzi wa kukaanga. Pilipili, hata hivyo, iheshimu. Jifunze kusema mai phet, yaani isiwe kali, na ujue kwamba kwao "isiwe kali" bado itakutoa machozi. Mwislamu atahangaika kidogo kutafuta halali mikoa ya kaskazini-mashariki, lakini kwenye miji mikubwa kuna msikiti, na karibu na msikiti kuna mama lishe.

Kuna la kuogopa kisheria zaidi ya viza?

Mfalme. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinaadhibu kumtukana mfalme, malkia au mrithi kwa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na mgeni hana msamaha wa ugeni. Sisi tunaozoea kumchambua rais kwenye Twitter kabla ya chai ya asubuhi, hapo tunatia kufuli. Wala usikanyage noti iliyoanguka kuizuia isipeperushwe. Ina picha yake.

Mimi ni Mtanzania. Kuna tofauti?

Ndogo. Shahada yako itathibitishwa kwa taratibu za kwenu, alama za vidole za cheti cha tabia njema utachukuliwa na Polisi, na maombi ya viza yanapitia ubalozi ule ule wa Nairobi. Watanzania wengi hujidharau Kiingereza kwa sababu shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili. TOEIC haiulizi ulisoma wapi darasa la tatu.

Kwa wote, Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mrundi, Mkongomani: kadi ya njano. Bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku kumi kabla, hupiti. Pale Suvarnabhumi pitia dawati la afya kwanza ugongewe, ndipo uende uhamiaji. Nilipanga foleni ya uhamiaji dakika hamsini nikarudishwa nyuma kwa ajili ya muhuri huo.

Deni la HELB, mkopo wa chuo wa Kenya, litanifuata?

Litakufuata hadi Buriram. Usipolipa unaongezewa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Waandikie kabla hujaondoka, mpatane kiasi, ulipe kidogo kidogo ukiwa kule. Kutuma pesa si shida. Inaingia M-Pesa kabla mama hajamaliza kuuliza umekula nini.

Nikirudi, miaka ile itahesabiwa?

Shule za kimataifa za Nairobi na Dar zitaipenda. TSC ni hadithi nyingine. Katika kuajiri hutoa alama kwa miaka iliyopita tangu uhitimu, kwa hiyo ile miaka mitatu niliyokuwa nikifundisha watoto mia tano kwa wiki huko Isan ilinipatia alama sawa na za aliyekaa nyumbani. Sikulalamika. Nilizichukua.

Na saa? Nitazoea?

Thailand iko mbele yetu saa nne. Mama akimaliza kazi zake saa mbili usiku akataka kuongea, kule ni usiku wa manane na kesho una zamu ya geti. Sisi tulipatana saa nane mchana za nyumbani, kwangu saa kumi na mbili jioni, pale wimbo wa taifa unapopigwa tena kwenye vipaza sauti na watu bustanini wanasimama wima. Mama alikuwa akiusikia kwenye simu ananyamaza, ananisubiri.

Lakini kuhusu kusoma saa, Mswahili anafika kule akiwa ameshajua nusu. Mzungu huambiwa mkutano wa walimu uko song thum, usiku, akatafuta kamusi. Song ni mbili. Wathai, kama sisi, huanza kuhesabu usiku upya giza likiingia: nueng thum ni saa moja usiku, song thum saa mbili, sam thum saa tatu. Wiki ya kwanza mwenye nyumba wangu alikuja mlangoni akaonyesha maji, akaonyesha bomba, akakata hewa kwa mkono, akasema sam thum. Nikajaza ndoo zote. Saa tatu kamili maji yakakatika, na jirani yangu Mmarekani akatoka nje na sabuni kichwani.